Njia za kujaribu maswali ya ankete mbele ya kushuka tereni (kwa watu): zile nimetumia hapa Goma na nyota ninazozipa

Nafanya kazi ya ankete, kuuliza watu maswali nyumba kwa nyumba, hapa Goma miaka tisa sasa. Nilianza kama anketeri wa kawaida, mwenye kuuliza na kuandika majibu, makaratasi ndani ya sashe ya plastiki juu ya mvua, leo niko superviza, na kila mara proje mpya inapoingia njo mimi naulizwa, hii kestionere, karatasi ya maswali, tutaijaribu namna gani mbele ya kuipeleka kwa watu? Kwa hiyo nimezipitia karibu njia zote, zingine kwa kupenda, zingine juu mwenye pesa njo alizitaka, na naona wengi wetu tunachagua kwa mazoea tu, ile tulifanya mwaka jana tunairudilia mwaka huu. Nataka nizipime hapa moja moja vile mtu anavyopima simu aliyonunua kwa pesa yake, nini inafanya vizuri na nini inakuangusha.

Mwenye haraka nimuambie hukumu yangu tangu sasa: kama umebakiwa na pesa ya njia moja tu, kaa na mtu mmoja mmoja, muulize swali lako, kisha muulize ameelewa nini. Hiyo usiiruke. Zingine zote zina kazi yake lakini hakuna inayoweza kukaa pahali pake.

Nianze na ile kila mutu anaijua, jaribio la kawaida, pilote. Unachagua kartie (mtaa) ambayo haiko ndani ya sampuli, unatuma anketeri wote siku moja ao mbili, wanajaza fomu kama vile ni kazi ya kweli, idadi ambayo wenye kufundisha kazi hii wanapenda kutaja ni watu 25 mpaka 75, na mangaribi munakaa pamoja kila mtu anasema nini ilimsumbua. Kwa mambo ya mashine hii njia ni nzuri sana. Utajua kestionere inachukua dakika 35 ao saa moja na nusu, utajua betri ya tablete inafika saa ngapi, utajua kama kuna mahali mzee wa miaka sitini anaulizwa kama ana mimba juu mtu alisahau kuweka sharti ya kuruka swali. Anketeri nao wanazoea, ulimi unalegea, wanaacha kusoma kama mtoto wa shule. Bila pilote sishuki tereni, hilo liko wazi.

Shida yake ni kwamba swali linaweza kupita kwa watu wote bila mtu kusita, jibu linaingia vizuri kwenye tablete, na kumbe ni jibu la swali lingine. Nilijifunza hili kwa uchungu. Tulikuwa na swali moja jepesi kabisa, "Jamaa yenu ina watu wangapi?" Kwa pilote tulifanya fomu 40, hakuna aliyeomba turudilie, hakuna aliyekataa, kwa mkutano wa mangaribi hakuna ata mmoja aliyelitaja. Tukashuka. Wiki tatu baadaye kijana wa data ananionyesha nyumba za mbao za vyumba viwili ambamo eti wanaishi watu 14, watu 17. Nikadhani anketeri wanajaza kwa kichwa. Nikachukua moto (pikipiki) nikaenda Ndosho mwenyewe, kwa mama mmoja aliyekuwa ameandikwa 11.

"Mama, ile siku ulituambia muko batu kumi na moja."

"Ndiyo, kumi na moja."

"Tunaweza kubahesabia pamoja?"

Akaweka chini kikapo chake cha makala ya kupikia akaanza na vidole. Yeye mwenyewe na mzee wake, mbili. Watoto watano wa nyumbani, saba. Mama mukwe iko Masisi, munane. Kijana mkubwa iko anatafuta maisha Kampala, tisa. Na watoto wawili wa marehemu dada yake, wanalala kwa shangazi yao kule Sake lakini makaratasi ya masomo njo yeye analipa. Kumi na moja.

"Hii njo jamaa yangu," akasema, "wewe ulitaka nani?"

"Na benye balikula hapa jana mangaribi kwa sufuria moja?"

"Aah, hao ni saba."

Hakukosea hata kidogo. Huku kwetu jamaa ni watu wako, wawe karibu ao mbali, ata mtoto aliyeko ng'ambo anabaki ndani ya hesabu ya mama yake, na ungemwambia amtoe angekuona huna roho. Mwenye kukosea ni sisi tulioandika, tulitaka menaje, watu wanaokula kwa sufuria moja na kulala pale pale, na tukatumia neno la undugu. Na si mambo ya neno tu. Nyumba ile ilikuwa inachota bido nne za lita 20 kwa siku, lita 80. Ukigawa kwa watu 11 kila mtu anapata lita 7 na kidogo, ukigawa kwa 7 ni lita 11 na kidogo, na kipimo cha chini ambacho mashirika ya msaada yanafuata, kile cha Sphere, kanuni zao za pamoja, ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Mzani huo njo unaamua kartie gani inapata robine ya maji mbele ya nyingine. Wiki tatu za kazi ya vijana kumi na wawili, jua na vumbi nyeusi ya volkano, na safu nzima ya majibu haikufaa kitu. Wenye proje tulikuwa tumewaomba mapema turuhusiwe kubadilisha maneno, wakasema kestionere imeshakubaliwa juu, musiguse. Mpaka leo inaniuma. Pilote naipa nyota tatu.

Sasa ile ya kukaa na mtu mmoja mmoja. Majina yake ni mengi, wengi wanasema mahojiano ya kognitivu, sisi kwa biro tunaita "kufungua swali" na anketeri wote wanaelewa. Ilizaliwa Marekani, mwaka 1983 wataalamu wa saikolojia na wataalamu wa ankete walikutanishwa wakae pamoja waangalie nini inapita ndani ya kichwa cha mtu anapoulizwa swali, na mwaka uliofuata Roger Tourangeau akaipanga kwa hatua nne ambazo mimi nafundisha mpaka leo juu ni rahisi kushika: mtu anaelewa swali, anatafuta ndani ya kumbukumbu, anapima, halafu anatoa jibu. Swali linaweza kuvunjika kwa hatua yoyote kati ya hizo na kwa inje hautaona kitu.

Kuna namna mbili za kuifanya. Ya kwanza unamuomba mtu aseme kwa sauti kila kitu anachofikiria wakati anatafuta jibu. Vitabuni ni nzuri, kwa biro na wanafunzi wa ISP, chuo cha walimu, ilienda vizuri, lakini kwenye kartie ilinishinda. Mama mmoja wa Birere nilimuelezea mara tatu, ananiangalia, anajibu "mbili", ananyamaza, nikimuomba aseme gisi amefikia pale ananiambia "si nimeshajibia?" na haki iko yake, kuongea peke yako kwa sauti mbele ya mgeni si tabia ya watu wazima huku. Namna ya pili njo inafaa, unamuacha ajibu kwa amani halafu unauliza maswali madogo madogo. Kwa maneno yako mwenyewe, hili swali linauliza nini? Hiyo mbili umeifikia namna gani? Uliposikia neno fulani ulimufikiria nani? Ulihesabu kuanzia siku gani?

Yule yule mama wa Birere, nikaacha mambo ya kusema kwa sauti nikaenda na hiyo ya pili. Swali lilikuwa "Jana mulikula mara ngapi?" na jibu lake lilikuwa "mara moja".

"Ile mara moja ilikuwa nini, mama?"

"Bugali na sombe, mangaribi."

"Na asubui?"

"Asubui tulikunywa chai na mikate."

"Saa sita?"

"Watoto balipata viazi na maharagi kidogo yenye ilibakia."

"Hiyo haikukuwa kula?"

"Kula ni bugali, mutoto yangu. Ile ingine ni kudanganya njaa."

Kwa fomu yetu huyu mama angeandikwa nyumba inayokula mara moja kwa siku, na jirani yake mwenye kuelewa swali vingine, ambaye siku yake ilikuwa sawasawa na hiyo, angeandikwa mara tatu. Tulibadilisha tukaacha kabisa kuuliza mara ngapi, tukauliza tangu mulipoamuka jana mpaka mulipolala ni vitu gani viliingia kinywani, tukavipitia kwa kundi kwa kundi, chai na mikate ndani yake.

Na mfano wa tatu, baada ya jamaa na kula, siwezi kuusahau. Tulipewa kestionere iliyofasiriwa Lubumbashi, Kiswahili chake kizuri, mtu aliyeiandika anajua kazi, na ndani kulikuwa na "Katika posho iliyopita, ni siku ngapi mulikula nyama ao samaki?" Lubumbashi posho ni wiki, kila mtoto anajua. Huku kwetu posho ni chakula cha kugawiwa, kile cha askari ao cha watu wa kambi. Mzee mmoja kule Mugunga akanyamaza kidogo akasema "Posho haikufika." Kijana niliyekuwa ninamfundisha akaandika sifuri. Nikamshika mkono, nikamuomba mzee atuelezee, na akatuelezea kwa upole kwamba wanangoja posho tangu mwezi ule mwingine na kama sisi njo tunaileta wanashukuru. Juu ya nyama na samaki yeye hakuulizwa kitu, alikuwa amekula sambaza, samaki wadogo wa ziwa, siku mbili kabla ya hapo. Tukaweka "siku saba zilizopita, tangu siku kama ya leo mpaka jana" na ikasikika pande zote mbili za inchi.

Namna ninavyoifanya sasa: watu watano, ninarekebisha, watu watano wengine, ninarekebisha, na kama kuna nafasi watano tena. Ninachanganya, mama muuzaji, kijana wa moto, mzee, mtu ambaye hakusoma, mtu aliyekuja toka vijijini ambaye Kiswahili ni luga yake ya pili, juu huyo wa mwisho njo anakuonyesha wapi umeandika Kiswahili cha redio. Na neno la kwanza ninalosema ni hili: mama, siandikishe watu kwa msaada, nakuja unisaidie kurekebisha maswali, ukiona swali halieleweke kosa liko kwa swali, haliko kwako. Usipolisema hilo watu watakujibu ili upendezwe. Ukilisema, nimeona wamama wakinyooka kwa kiti na kuanza kukufundisha.

Mapungufu yake nayo niyaseme. Inakula muda, saa moja kwa mtu kwa maswali kumi na tano tu, na anketeri mzuri si lazima awe mzuri kwa hii, kuna wanaosukuma mtu mpaka anaanza kuona shida pasipo na shida. Na watu watano ni wachache. Johnny Blair na Frederick Conrad walichapisha mwaka 2011 kazi ambapo walifanya mahojiano 90 ya aina hii kwa kestionere moja, na waliona kadiri watu wanavyoongezeka shida mpya zinaendelea kutokea, na kati yao kuna nzito. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukimaliza watano umemaliza. Hata hivyo naipa nyota nne na nusu, na hiyo nusu iliyobaki ni ya muda.

Kusomesha kestionere kwa wataalamu ni njia ambayo hapa kwetu tunaidharau na nadhani tunakosea. Mwaka 1994 Stanley Presser na huyo huyo Johnny Blair walichukua kestionere moja wakaipitisha kwa njia nne, pilote ya kawaida, kuhesabu tabia wakati wa mahojiano, mahojiano ya kognitivu, na kikundi cha wataalamu, na kwa wingi wa shida zilizoonekana wataalamu walipita wote, tena kwa bei ndogo kuliko zote. Mimi ninaifanya hivi: watu watatu kwa meza moja, anketeri mkongwe, mtu wa takwimu, na mtu wa ile fani yenyewe, muuguzi kama ni afya, mwalimu kama ni masomo, kila mmoja anasoma peke yake kwanza na kalamu nyekundu halafu tunalinganisha. Kuna orodha ya ukaguzi ya mwaka 1999 ya Gordon Willis na Judith Lessler, inakupeleka swali kwa swali, je maneno yanaeleweka, je muda umetajwa, je mtu anaweza kukumbuka, je kuna maswali mawili ndani ya moja, je majibu yanagongana. Kwa saa tatu tuliondoa "Munapata maji na umeme bila shida?", ambalo ni maswali mawili, tukaondoa miaka 18 mpaka 25 na 25 mpaka 35, mtu wa miaka 25 aende wapi. Makosa ya aina hiyo usiende kumsumbulia mama wa Ndosho, ni aibu kumpotezea mtu muda kwa kitu ungekiona mwenyewe ukiwa umekaa.

Lakini posho hatukuiona. Ile kestionere ilipita kwa meza yetu kwanza, watu watatu wenye diploma, na wawili kati yetu tumekaa Lubumbashi miaka, macho yaliteleza juu ya neno kama si kitu. Na kula nayo hatukuiona. Mtaalamu anaona makosa ya maandishi, haoni sufuria ya mtu. Nyota nne kwa bei yake, ikiwa inafuatwa na kitu kingine.

Ile inayonikasirisha kwa kweli ni kufasiri na kurudisha. Unafasiri toka Kifaransa kwenda Kiswahili, mtu mwingine ambaye hajaona ya kwanza anarudisha kwa Kifaransa, unalinganisha, zikifanana unaweka muhuri. Richard Brislin aliieleza mwaka 1970 na tangu hapo wafadhili wengi wanaipenda juu yeye asiyejua Kiswahili anaweza kuisoma akatulia. Sasa angalia. Jamaa ilirudi "menaje", juu mfasiri wetu ni mtu wa akili, ameshafanya ankete nyingi, aliona maneno ya pembeni akajua nini kinatafutwa akakisahihisha bila kujua amesahihisha. Posho ilirudi "semene", ni kusema wiki, safi kabisa. Maswali mawili yenye kosa kubwa yalipita kwa njia hii na alama kamili! Mfasiri akiwa mzuri zaidi njo anaficha makosa zaidi. Kama ni lazima ufasiri, na huku ni lazima, mimi napenda zaidi njia ya kikundi, ile wanayotumia kwa ankete kubwa ya Ulaya, wawili wanafasiri kila mtu upande wake, wanakaa na wa tatu wanabishana neno kwa neno, mmoja anaamua, halafu inajaribiwa kwa watu na kila uamuzi unaandikwa. Kubishana kule njo kunatoa jamaa na posho kwa mwanga. Kurudisha peke yake, nyota mbili.

Kikundi cha mazungumzo sitakaa sana. Tulifanya kimoja Majengo ndani ya sale ya parokia, watu tisa, soda na mikate, na shefu wa avenue alikuja bila kualikwa, hauwezi kumfukuza, na kila swali alijibu kwanza yeye na wengine wakasema "ndiyo, gisi shefu amesema." Kwa kujua mtu mmoja anaelewa nini, haifai. Kwa kuokota maneno lakini ni dhahabu. Nilitaka kujua neno la deni, na wamama wawili wakashikana maneno karibu nusu saa kama likelemba, ule mchango wa kupokezana pesa, ni deni ao si deni. Mmoja anasema si deni, ni pesa yetu inazunguka. Mwingine anasema wewe uliyepokea mwezi wa kwanza uko na deni yetu sisi wote mpaka wa mwisho apokee. Wote wawili wana haki, na mimi nilikuwa nimeandika "Je, uko na deni?" bila kufikiria likelemba ata mara moja. Nikatoka pale na maswali mawili mapya. Nyota tatu, na muchague siku ambayo shefu iko na mkutano kwa komini.

Kuhesabu tabia ni njia ninayoipenda na hakuna anayeizungumzia huku. Mwenye kuianzisha ni Charles Cannell wa chuo kikuu cha Michigan. Wakati anketeri anauliza, mtu wa pili anakaa pembeni na karatasi yenye namba za maswali, anaweka mstari tu: anketeri amebadilisha maneno, mtu amemkata kabla ya kumaliza, mtu ameomba arudilie, mtu amejibu kitu ambacho hakiingii kwa majibu. Marekani wanarekodi sauti wanasikiliza baadaye. Hapa nilijaribu kurekodi nikaacha, ukitoa simu na kusema nitarekodi watu wanabadilika palepale, wanakuuliza sauti hiyo itaenda wapi, na kwa mambo ambayo watu wa hapa wamepitia ulizo hilo ni la haki, haulijibu kwa kicheko. Karatasi haiogopeshi mtu. Kiwango kinachotajwa sana ni asilimia 15, swali likileta shida kwa zaidi ya hapo, liangalie. Kwa mahojiano 20 hiyo ni mara 3. Swali letu la kumi na nne, refu, lenye "kwa wastani" ndani yake, lilikuwa na mistari 9 ya kurudilia. Tena nikaona anketeri wangu wanne tofauti wote walikuwa wanaruka "kwa wastani" bila kuambiana. Mdomo wa anketeri ukikataa neno, lile neno lina shida. Uzuri mwingine ni kwamba ukiirudia kwa kikundi kingine inakupa karibu majibu yale yale, Presser na Blair waliliona hilo pia, ni njia yao iliyokuwa imara kuliko zote kwa upande huo. Ila inakuambia wapi panauma, haikuambie juu ya nini, na kwa jamaa ingenyamaza kimya juu hakuna aliyeomba kurudiliwa. Nyota nne.

Kugawanya fomu mbili, A na B, nusu ya watu wanapata neno hili na nusu neno lile, hii ni ya wenye pesa. Mfano wake mkubwa ni wa zamani, Donald Rugg mwaka 1941 kule Marekani, nusu waliulizwa kama serikali ikataze hotuba za kupinga demokrasia, asilimia 54 wakasema ikataze, nusu nyingine waliulizwa kama iruhusu, na asilimia 75 wakasema isiruhusu. Kitu ni kimoja, neno limebadilika, pengo la alama 21. Huwezi kupata ushahidi kama huo kwa watu watano. Lakini unahitaji watu mingi, na watu 50 upande huu na 50 upande ule tofauti ya alama 10 inaweza kuwa bahati tu, na hata ukipata tofauti bado haujui lipi kati ya maneno mawili ni la kweli, itabidi urudi kukaa na mama kwa kiti umuulize. Tuliitumia mara moja tu, na bila kukaa na watu tusingejua tusome namna gani. Nyota tatu kwa sisi wa bajeti ndogo.

Neno kidogo juu ya Kobo, programu ya kujaza fomu kwa simu ao tablete, maana karibu wote tunaitumia. Kwa majaribio inasaidia sana, inafanya kazi bila intaneti unatuma mangaribi ukipata mega, unaweka Kifaransa na Kiswahili ndani ya fomu moja, inaweza kugawa A na B yenyewe kwa bahati nasibu. Kitu ninachofanya, na sijaona wengi wakikifanya, kwa fomu ya majaribio ninaongeza chini ya kila swali kisanduku cha maandishi, "mtu amesema nini kwa maneno yake", na anketeri anaandika neno kwa neno bila kulisafisha. "Posho haikufika" ingeingia pale hata kama mimi sikuwepo. Mbele ya kushuka kwa kazi ya kweli tunavifuta.

Na kwa wale wanaoniuliza kila mara, superviza, sisi tuna siku moja tu na pesa ya moto ya kwenda na kurudi, tufanye nini: asubui saa mbili mpaka saa tano, watu watatu na kalamu nyekundu kwa meza. Saa tano na nusu mko kwenye kartie, anketeri wawili wawili, mmoja anauliza mmoja anaweka mistari, kila wawili na watu watatu, na kwa maswali matano yale yanayobeba kazi yote, idadi ya watu nyumbani, chakula, maji, pesa, muda, musiondoke mbele ya kuuliza "mama, hapo ulimuhesabia nani?" Saa kumi mumerudi, munarekebisha usiku.